Dhuluma yenye muhuri: kibanja cha Muleba na wajane wa Shinyanga

Tarehe 24 Agosti 1988, bibi mmoja wa Muleba, mkoani Kagera, aliuza kibanja alichorithi kwa baba yake kwa wosia. Uzee ulikuwa umembana, nguvu zimepungua, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Mnunuzi, mtu wa nje ya ukoo, alimlipa shilingi 300,000. Kesho yake, tarehe 25, mpwa wake alikuwa ameshafika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kufungua shauri. Msingi wa madai yake ulikuwa mmoja: kwa mila ya Wahaya, mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo.

Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Uuzaji ukatangazwa kuwa batili, bibi akaamriwa arudishe fedha za watu. Uzito wa kisa hiki uko hapo. Ili kumwamuru bibi yule hivyo, hakimu hakuhitaji kuvunja sheria yoyote. Aliifuata. Kanuni aliyoitumia ilikuwa imeandikwa, imetangazwa na serikali na kupewa namba.

Tukisikia neno dhuluma, mawazo hukimbilia kwa mtu mbaya: mwajiri anayekalia mishahara ya vibarua, tajiri anayesogeza mpaka wa shamba usiku, mwenye cheo anayepindisha zabuni. Hizo ni dhuluma kweli, na watendaji wake wanajulikana. Lakini ipo dhuluma nyingine iliyo ngumu zaidi kuing'oa, kwa sababu haina mtu mbaya wa kunyooshewa kidole. Hutendwa na watu wanaosali, wanaochangia misiba, wanaorudi nyumbani jioni wakiamini kwamba wametenda haki. Ina kanuni, ina kikao, ina muhtasari na ina muhuri. Dhuluma hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame leo, na mfano nilioutumia ni ule unaozigusa familia nyingi kuliko mwingine wowote: mirathi.

Msiba si dhuluma

Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, na kila moja lina mahali pake. Upendeleo ni kuinamisha mizani upande wa umpendaye. Uonevu ni mwenye nguvu kumtwisha mnyonge mzigo asiostahili. Dhuluma inakwenda mbali zaidi. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na wanazuoni wa lugha hiyo huieleza maana yake kuwa ni kukiweka kitu mahali pasipo pake. Nasi tukilitumia, karibu kila mara tunalifuatisha na mali au haki iliyo na mwenyewe: kanidhulumu shamba langu, wamemdhulumu mirathi yake. Anayesema "nimedhulumiwa" hajaomba aonewe huruma. Anadai chake.

Hapo ndipo dhuluma inapoachana na msiba. Mume akifa kwa malaria, huo ni msiba. Mvua ikikatika, mahindi yakakauka, huo ni msiba pia. Msiba hauna wa kumshtaki. Una wa kumfariji tu. Lakini matanga yakiisha, turubai likakunjwa na viti vya kukodi vikarudishwa, kisha mashemeji wakaja kumwambia mjane afungashe virago, hapo msiba umekwisha na jambo jingine limeanza. Mkono wa binadamu umeingia. Kuna uamuzi umefanyika, na ungeweza kufanyika vinginevyo.

Jamii yenye dhuluma huwahi kuipa dhuluma hiyo jina la msiba. "Ni mapenzi ya Mungu, mama." "Ndiyo mila zetu, utafanyaje?" "Vumilia, wewe si wa kwanza." Maneno hayo husemwa kwa upole, mara nyingi na wanawake wenzake ambao nao yaliwahi kuwapata. Lakini upole huo una kazi: unamfanya aliyenyang'anywa ajione kama aliyenyeshewa na mvua. Akishakubali kwamba ni mvua, hatauliza tena nani kamnyang'anya.

Bila shaka, si kila maumivu ni dhuluma. Anayeshindwa katika uchaguzi ulioendeshwa kwa haki anaumia, lakini hakudhulumiwa. Mkulima aliyepanda kwa kuchelewa akavuna kidogo ana majuto, hana madai. Ili tusilitumie neno hili ovyo, naona tujiulize maswali matatu. Je, kuna binadamu aliyeamua, au ni maumbile tu? Je, aliyeumia alipewa nafasi ya kusema kabla ya kuamuliwa? Na je, walioamua wangekubali kanuni hiyohiyo iwashukie wao wenyewe, au mabinti zao? Ikiwa aliyeamua ni binadamu, na majibu ya maswali mawili yaliyobaki ni hapana, tuliite jambo hilo kwa jina lake, hata kama limefanywa na wazee wetu tunaowaheshimu.

Mila iliyoingia kwenye karatasi

Kanuni iliyomkwamisha bibi wa Muleba ina historia yake. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miaka 2 ya uhuru au ndiyo kwanza inaitimiza, serikali ilitangaza sheria za mila zilizounganishwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba. Tangazo la Serikali Na. 279 lilihusu mahari, ndoa, talaka na watoto. Tangazo Na. 436 lilihusu ulezi, urithi na wosia. Nia yake ilieleweka: nchi ya makabila zaidi ya 120 ilihitaji mahakama zenye kanuni zinazosomeka, badala ya kila hakimu kutafuta mzee wa kumwuliza mila inasemaje.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa kwa sehemu kubwa na Hans Cory, mtaalamu wa elimujamii aliyeitumikia serikali ya kikoloni, ambaye alikuwa ameshaandika vitabu juu ya sheria za mila za Wahaya na za Wasukuma. Maisha ya watu yakageuzwa vifungu. Kanuni ya 20 ikasema kwamba wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo: hiyo wataitumia lakini hawataiuza, labda pawe hapana mwanamume katika ukoo huo. Kanuni nyingine zikawapanga warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza peke yake juu, watoto wengine wa kiume chini yake, mabinti mwisho. Kisha ikaja Kanuni ya 27: mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Kanuni hiyo ya mwisho yafaa kusomwa polepole. Inakiri kwamba mwanamke huyu alifanya kazi: alitunza. Lakini malipo ya kazi hiyo inayaweka mikononi mwa watu wengine, na kwa siku zijazo. Je, mjane asiye na mtoto atatunzwa na nani? Yule mwenye mtoto wa miaka 3 mgongoni atangoja miaka mingapi? Kanuni haikuona haja ya kujibu, kwa sababu wenye maswali hayo hawakuwa wakiulizwa. Walioulizwa mila inasemaje walikuwa wazee wenye sauti barazani, na baraza lilikuwa la wanaume. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Mara nyingi tunaitumia methali hiyo kumkanya mtu anayechelewa mkutanoni, lakini humo imo pia siri ya namna dhuluma inavyotungwa. Hapahitajiki chuki. Inatosha mtu asiwepo pale mambo yake yanapopangwa.

Tena, mila ikiwa mdomoni hubishaniwa. Wazee wakikaa chini ya mti wanaweza kumtazama mjane aliyemuuguza mume miaka 4 wakasema, huyu abaki na nyumba yake, ameistahili. Mila ikishaingia kwenye karatasi ya serikali haibishaniwi tena, inanukuliwa. Kile kilichokuwa mazungumzo ya wazee wa enzi ile kikageuka kuwa amri kwa wajukuu zao.

Hoja ya wazee

Haitakuwa haki kuandika juu ya haki bila kuwasikiliza waliotunga kanuni hizi. Kibanja cha Mhaya si kiwanja cha kuuza na kununua tu. Ndani yake mna migomba na kahawa iliyopandwa na babu, na mna makaburi ya waliotangulia. Hofu ya wazee ilikuwa kwamba binti akiolewa, ardhi itahamia kwenye ukoo wa mumewe. Mjane akiolewa tena, watoto wa marehemu watajikuta wageni kwao. Katika dunia ambamo ukoo ulikuwa ndiyo bima, ndiyo benki na ndiyo ulinzi, hofu hiyo ilikuwa na mantiki. Na aliyenyimwa umiliki alipewa ahadi badala yake: hutauza, lakini hutalala nje wala hutalala njaa maadamu ukoo upo.

Basi na tuipime ahadi hiyo kwa kisa cha Muleba. Bibi aliuza kwa sababu alizeeka na hakuwa na wa kumtunza. Ukoo ambao haukumfikia katika upweke wake ulimfikia ndani ya siku moja alipouza. Wajibu ulikuwa umeshakufa. Mamlaka yalikuwa hai.

Naamini hivi ndivyo desturi nyingi zilizozaliwa katika haki zinavyogeuka kuwa dhuluma. Desturi huwa na pande mbili, kama mkataba: huyu atatii, na yule atalinda. Nyakati zinabadilika. Vijana wanahamia Mwanza na Dar es Salaam, kila mwenye nyumba ana ada zake za shule na kodi zake, na wajibu wa kumlinda shangazi au mke wa kaka unafifia bila mtu kutangaza kwamba umefutwa. Lakini madaraka juu ya mali hayafifii. Upande mmoja wa mkataba unaendelea kudaiwa hadi senti ya mwisho, na upande wa pili umesahauliwa. Anayezitetea mila kwa dhati angeanza na upande uliosahauliwa. Ukiona mtu anaikumbuka mila siku ya kugawa mali tu, jua kwamba anachokitetea ni mali.

Hukumu ya Mwanza

Bibi hakunyamaza. Alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, akashinda. Mpwa naye akakata rufaa Mahakama Kuu. Shauri hilo linajulikana katika vitabu vya sheria kama Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alilitolea hukumu huko Mwanza.

Wakati ulikuwa umemfaa bibi. Tamko la haki za binadamu liliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini mtu hakuweza kulidai mahakamani mpaka Machi 1988. Kibanja kiliuzwa miezi 5 tu baada ya mlango huo kufunguliwa. Jaji Mwalusanya aliona kwamba kanuni inayomwachia mwanamume auze na kumzuia mwanamke kwa sababu tu ni mwanamke inagongana na Katiba, na kwamba tangu hapo wanaume na wanawake wawe na haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo.

Wengi huikumbuka hukumu hiyo kwa ushindi wa mwanamke. Mimi naikumbuka pia kwa jinsi ilivyoijibu hofu ya wazee. Mila ilikuwa tayari na njia ya kuikomboa ardhi ya ukoo iliyouzwa na mwanamume: ndugu wanarudisha bei iliyolipwa, ardhi inarudi ukooni. Njia hiyohiyo mahakama ilimwachia mpwa. Kama anakitaka kibanja, alipe shilingi 300,000 akikomboe. Ardhi inaweza kubaki ukooni bila mzee kufa njaa juu yake. Kumbe hofu ya wazee ilikuwa na dawa siku zote, na dawa hiyo haikuhitaji kumdhulumu mtu. Dhuluma nyingi tunazoambiwa kuwa ni za lazima ziko hivyo: ukitafuta kidogo, unakuta ilikuwapo njia nyingine, ila ilimgharimu mtu aliyekuwa na nguvu ya kuikataa.

Hisani au haki?

Kwa mjane swali ni gumu zaidi, kwa sababu huambiwa kwamba hakuja na kitu. Nyumba ni ya marehemu, shamba ni la marehemu, hata godoro alinunua marehemu. Yeye alikuwa akipika tu.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ililikabili swali hilo katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaruhusu kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Je, kupika, kufua na kulea watoto ni juhudi? Mahakama ilijibu: ndiyo, hizo nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu siku ile, kwa kuwa mahakama iliona kwamba alishatapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Lakini kanuni iliyotokana na shauri lake imewafaa wanawake wengi waliomfuata.

Sasa tazama kinachotokea. Mwanamke aliyeachika anaweza kwenda mahakamani akasema, jasho langu limo katika nyumba hii, na sheria ikamsikiliza. Mwanamke aliyekaa na mumewe mpaka kifo, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko, akamzika, anarudishwa kwenye Kanuni ya 27. Aliyevumilia hadi mwisho anaweza kutoka na kidogo kuliko yule ambaye ndoa yake ilivunjika. Hakuna mzee wala jaji anayeweza kusimama akatetea mpangilio huo kwa sauti. Umekuwapo kwa sababu sheria moja iliandikwa 1963 na nyingine 1971, na hazikukutanishwa mezani.

Katika sheria ya Kiislamu mjane hupata robo ya mali ikiwa mume hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa amemwacha. Mtu anaweza kujadili ukubwa wa fungu. Lakini ni fungu lake, lina jina na kipimo, na shemeji hawezi kumwambia kwamba anamfadhili. Tofauti ya hisani na haki iko hapo. Hisani humfanya mtu ashukuru na asiulize. Haki humpa mtu uwezo wa kuuliza.

Miaka 16 ya wajane wawili

Miaka 9 baada ya hukumu ya Jaji Mwalusanya, huko Shinyanga, mwanamke mmoja alifiwa na mume. Mwaka 2000 akafiwa mwingine. Wote wawili walikuwa wazazi. Kwa wote wawili, ndugu wa marehemu walisimamia mali kwa mujibu wa mila, na wajane wakajikuta nje ya nyumba walizokuwa wakiishi na waume zao. Waliungana, wakaenda Mahakama Kuu kuomba kanuni za 1963 zitamkwe kuwa zinakiuka Katiba.

Mwaka 2006 mahakama hiyo ilikiri kwamba mila ile ilikuwa na ubaguzi. Hata hivyo ilisema kwamba mila haibadilishwi kwa hukumu, kwani kufanya hivyo kungefungulia mlango kila desturi ipingwe mahakamani. Ikashauri mabaraza ya wilaya yaanzishe mabadiliko. Wajane wakaenda Mahakama ya Rufani. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa, kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika nyaraka zilizotolewa na Mahakama Kuu yenyewe. Hoja yao haikusikilizwa.

Walipokosa pa kwenda nchini, walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Tarehe 2 Machi 2015 kamati iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, ikataka wafidiwe na sheria zirekebishwe. Tangu mume wa mjane wa kwanza azikwe ilikuwa imepita takriban miaka 16. Mtoto wa kubebwa mgongoni siku ya mazishi angekuwa ameshaota ndevu.

Katika shauri la 1990 na lile la 2006, Katiba ilikuwa ileile na Mahakama Kuu ni ileile. Tunapenda kusema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno haukati peke yake, unahitaji mkono. Na dhuluma ya Shinyanga ilikuwa na sura ambayo haikuwapo Muleba. Ilionekana, ikatajwa kwa jina lake, kisha ikaachwa. Shemeji anasema ni mila. Wazee wanasema ni sheria ya serikali. Mahakama inasema ni kazi ya mabaraza. Kila mmoja anamwelekeza mjane kwa mwenzake, na hakuna hata mmoja anayejiona kuwa dhalimu. Kuiona dhuluma, kuwa na uwezo wa kuizuia, kisha kusema "hiyo si kazi yangu" ni sehemu ya dhuluma yenyewe.

Na mambo yanaweza kwenda vinginevyo. Nchini Kenya, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ilikutana na shauri la familia ya Rono, ambamo mabinti walikuwa wamepewa sehemu ndogo kuliko kaka zao kwa hoja kwamba huenda wataolewa. Mahakama iliikataa hoja hiyo na kugawa sawa kwa watoto wote. Miaka 5 baadaye Katiba mpya ya 2010 iliandika kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria na desturi zinazohusu ardhi uondolewe. Ugomvi wa mashamba haujaisha Kenya, kwani karatasi haimalizi kila kitu. Lakini binti wa Eldoret anapofika mahakamani, sheria kuu ya nchi iko upande wake wa meza.

Kikao kinachofuata

Tanzania nayo haijakaa bure. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na ile ya vijiji inasema wazi kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Na mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hatua kubwa kwa watu ambao kwa miaka mingi, wakivuka ngazi ya Mahakama ya Mwanzo, walikuwa wakisomewa hatima yao kwa lugha wasiyoielewa. Mtu asiyeielewa hukumu atajuaje kama amedhulumiwa?

Lakini mirathi nyingi haziamuliwi bungeni wala Mahakama Kuu. Huamuliwa katika kikao cha ukoo, siku chache baada ya mazishi. Hapo ndipo anapopendekezwa msimamizi wa mirathi. Hapo ndipo unapoandikwa muhtasari utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Muhtasari ule wa ukurasa mmoja una nguvu kuliko hotuba zote za majukwaani. Na mara nyingi, wakati unaandikwa, mjane yuko jikoni anawapikia chai wanaokaa kikao. Akiitwa, huitwa kutia saini au dole gumba.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza huko. Wewe mwenye nyumba, andika wosia ungali mzima, si uchuro. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, hupokea wosia na kuutunza. Kama mna shamba kijijini, jina la mkeo liandikwe pamoja na lako kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Wewe unayepewa usimamizi wa mirathi, ujue kwamba umekabidhiwa amana. Hujapewa mali. Mahakama inatarajia orodha kamili ya mali na madeni, na warithi wana haki ya kuhoji hesabu yako. Wewe mjane, usitie dole kwenye karatasi ambayo hujasomewa neno kwa neno. Mtafute msaidizi wa kisheria kwanza. Na ninyi waheshimiwa wabunge, Kanuni ya 27 iliandikwa kabla wengi wenu hamjazaliwa, na mwaka 2015, zaidi ya nusu karne baadaye, wajane walikuwa bado wanapimwa kwayo. Sheria ya mirathi inayompa mjane na binti fungu lenye jina ni deni mnalodaiwa.

Kuhusu ninyi wazee wetu, nawaomba jambo moja, dogo tu. Kikao kijacho cha ukoo kikikaa, kabla mwenyekiti hajafungua daftari, aulize mjane yuko wapi. Kama yuko jikoni, aitwe apewe kiti, na asikilizwe kabla ya mtu mwingine yeyote.